Mtoto Naye Apewe Kazi Msibani

Baba yangu alifariki mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka 9. Tulikuwa tukiishi katika kambi ya polisi jijini Kampala, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride, ya uani na ya ugomvi wa foleni ya maji, kwa kuwa wazazi wetu walitoka kila pembe ya Uganda na hawakuwa na lugha nyingine ya kuwakutanisha. Kwa siku tatu kila mtu mzima pale kambini alikuwa na la kufanya. Askari wenzake baba walihangaika kutafuta lori la kuupeleka mwili Arua, akina mama walisonga posho, yaani ugali, katika masufuria ya kuazima, mjomba aliketi mlangoni na daftari akiandika majina ya waliotoa rambirambi, na seremala mmoja aliyeishi nyuma ya kambi aligonga misumari ya jeneza usiku kucha, kiasi kwamba hata leo nikisikia nyundo usiku moyo hunienda mbio. Sisi watoto tuliambiwa tukacheze. Lori lilipoondoka halikuwa na nafasi yetu, tukaachwa kwa jirani. Mchana ule nilichukua kipande cha chaki nikachora kwenye sakafu ya baraza viatu vya baba vya kazini, vile virefu vya kufunga kamba, na nakumbuka nilivyokazana kuyahesabu kichwani matundu ya kamba, manane kila upande, ili nisikosee. Jirani, mama mwema aliyetulisha siku zote zile, alinikuta sijamaliza kiatu cha pili. Alichovya kitambaa katika ndoo, akafuta, kisha akaniambia kwa upole kwamba mtoto hachori vitu vya marehemu, asije akaita kifo kingine nyumbani.

Simlaumu, maana alikuwa akinilinda kwa namna aliyoijua. Hata hivyo nimeishi na ile sakafu yenye maji miaka mingi, na ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo ninalotaka kulieleza hapa: kwamba mtoto aliyefiwa tunamwonea tunapomtoa msibani ili apumbazwe, ilhali anachohitaji ni kuingizwa ndani na kupewa kazi ya mikono yake, kama wakubwa wanavyopewa ya kwao. Kuchora, kufinyanga, kushona, kuimba na kucheza ngoma ni kazi ambazo mtoto anaziweza, na anaziweza mapema kuliko anavyoweza kusema kilichomo moyoni.

Ukiutazama msiba wa kwetu kwa makini utaona umejaa sanaa, ingawa hatuiiti kwa jina hilo. Waganda, yaani watu wa Buganda, humviringisha marehemu katika olubugo, nguo itokanayo na gome la mti wa mutuba, gome ambalo fundi hulibandua na kuligonga kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali mpaka lilainike, litanuke na kupata ile rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 kuwa sehemu ya urithi wa wanadamu wote. Hata fedha ambazo watu wa Kampala huchangia wafiwa mpaka leo huitwa mabugo, jina lililobaki tangu siku ambazo mfariji alikuja na nguo ya gome mkononi, na mimi kila ninapoona bahasha ya mabugo ikipita huwaza kwamba zamani kilichopita hapo kilikuwa kitu kilichogongwa na mikono ya mtu. Kaskazini, Waacholi wana nyimbo za maombolezo zinazokikabili kifo ana kwa ana na kukilaumu. Waislamu wana sanda ya kukatwa na kufungwa, na hitima ya kusomwa kwa pamoja. Katika yote hayo kuna kitu cha kushika, cha kukunja, cha kuitikia, na mwili wa mfiwa hupata pa kuuweka ule uzito. Ukiuliza mtoto yuko wapi wakati huo, utaambiwa yuko kwa jirani.

Lugha yetu nayo, kwa adabu yake, humwacha mtoto gizani. Tunasema fulani ametutoka, ametangulia, hatunaye, amepumzika, na mtu mzima huelewa mara moja. Mtoto wa miaka 4 akisikia kwamba mama ametutoka, husubiri arudi, kwa sababu kila aliyewahi kutoka alirudi, hata kama alichelewa sokoni. Watu waliochunguza makuzi ya watoto wanaeleza kwamba walio chini ya miaka 5 hivi huona kifo kama hali inayoweza kugeuka, na kwamba wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kuwa aliyekufa harudi, hali wala hasikii baridi, na kwamba kila kilicho hai kitafikia hapo. Kabla ya kuelewa hivyo, na hata baada ya kuelewa, mtoto huweza kujibebesha lawama kimyakimya: nilimkasirisha, nilikataa kumletea maji, ndiyo maana akafa. Nimewasikia watoto watatu tofauti wakisema maneno yanayokaribiana sana na hayo, na wote watatu waliyasema wakiwa wameinama juu ya karatasi, bila kunitazama. Sidhani kama wangeyasema tukiwa tumekaa kwenye viti tukitazamana.

Jambo jingine linalowakanganya wakubwa ni kwamba mtoto hulia dakika kumi kisha akakimbilia mpira. Wakubwa husema amesahau, au humwona hana utu. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa yeyote huenda na kurudi kati ya kuukabili msiba na kuyashughulikia maisha yanayoendelea, na kwamba huko kwenda na kurudi ndiko kunakomwezesha kustahimili. Kwa mtoto safari hizo ni fupi zaidi na za ghafla zaidi. Kazi ya mikono inamfaa kwa sababu anaweza kuiacha chini ya mwembe, akacheze, akairudie na kuikuta palepale.

Kazi hii na watoto waliofiwa niliianza mwaka 2021, bila kupanga. Nilikuwa mwalimu wa sanaa na Kiswahili katika shule moja ya Kampala, na shule zilikuwa zimefungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa sababu ya korona, tangu Machi 2020, hali iliyoendelea hadi Januari 2022. Jirani yangu alifariki katika wimbi la pili na akazikwa kwa kile tulichokiita mazishi ya kisayansi: watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, familia ikisimama mbali, hakuna kuosha mwili, hakuna kukesha, hakuna masufuria ya kuazima. Wakubwa walinyang'anywa kazi zao zote za msibani kwa siku moja, na nilipowaona wakizunguka uani wakiwa hawajui mikono waiweke wapi, nilijitambua mimi mwenyewe wa miaka 9. Mwaka uliofuata, Ebola ilipoingia Mubende na Kassanda, mlipuko uliotangazwa Septemba 2022 na kumalizika Januari 2023, familia nyingine ziliishi jambo hilohilo, kwa hofu zaidi. Binti wawili wa jirani yangu yule aliyefariki walikuja kwangu kwa ajili ya masomo ya hesabu. Siku ya tatu mkubwa aliniomba karatasi ya manila, akachora kaburi ambalo hakuruhusiwa kulikaribia, akalijaza maua mpaka pembeni, na mdogo wake akaongeza sufuria na kuni. Nilimuuliza za nini. Akasema, "Watu watakula nini?" Hesabu hatukufanya siku hiyo.

Siku hizi ninaishi Hoima, na kila Jumamosi ninapanda boda boda hadi Kyangwali, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Kikuube, kufanya kazi za mikono na watoto waliofiwa chini ya mwembe; wengi wa wakimbizi hapo ni Wakongo waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri. Wapo waliokuja zamani, lakini wengi tulionao chini ya mwembe wetu walifika mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, siku ambazo mitumbwi ya wavuvi ilikuwa ikitua Sebagoro ikiwa imejaa kupita kiasi, na mingine haikufika. Watoto wanazungumza lugha mbalimbali nyumbani mwao, na wazazi wao hawakuwa marafiki kila mara. Kinachowakutanisha ni Kiswahili, kile cha Bunia, mji mkuu wa Ituri, ambacho mimi mtoto wa kambi ya polisi ilinibidi nikizoee masikio.

Vifaa vyetu si vya kujivunia. Tuna kreyoni, makaa ya jiko la mawe matatu, udongo wa kichuguu, ambao ukipondwa na kuchekechwa hufinyangika vizuri bila kupasuka sana, na mfuko wa mabaki ya vitenge tunaopewa na mafundi cherehani wa sokoni. Tuna maboksi ya sabuni, ambayo watoto huyageuza masanduku ya kumbukumbu: ndani huweka chochote cha marehemu kilichobaki, hata kama ni kifuniko cha chupa ya mafuta aliyokuwa akijipaka. Tunakutana saa mbili na nusu hivi. Hakuna anayeambiwa achore nini. Mkubwa yeyote anayemleta mtoto hukaa na kufanya kazi naye. Sheria hiyo niliiweka baada ya miezi kadhaa ya kuona watoto wakirudi na michoro yao kwenye nyumba ambazo hakuna aliyejua pa kuitundika wala la kusema juu yake, na ninaona ndiyo sheria muhimu kuliko zote, kwa kuwa mtoto haishi chini ya mwembe wangu, anaishi kwao.

Nitasimulia ya familia moja tu, kwa ruhusa yao, bila majina.

Mvulana ana miaka 10. Alivuka ziwa akiwa na miaka 4. Familia yao iligawanyika katika mitumbwi miwili usiku, na mtumbwi aliokuwamo baba yake ulipinduka. Mwili haukupatikana. Analelewa na mama wa baba yake, ambaye namwita koko, kama wanavyoita wenyewe, maana katika Kiswahili cha upande ule bibi ni mke. Jumamosi nne za kwanza koko aliketi pembeni ya mkeka akiwa ametupa mgongo, akichambua maharage aliyokuja nayo. Mvulana alichora maji, na maji peke yake: mistari ya samawati yenye mawimbi, kutoka juu ya karatasi hadi chini, akikandamiza mpaka karatasi inang'aa kwa nta, karatasi baada ya karatasi, mpaka kreyoni ya samawati ikaisha na kijana anayenisaidia akanong'ona kwamba labda tumwelekeze achore watu. Nilikataa. Nilimuuliza tu kama maji yale yana baridi. Alifikiri, akajibu, "Usiku yana baridi." Kisha, akiwa bado anachora, akauliza kwa sauti, bila kumwelekea mtu, baba alikuwa amevaa shati gani.

Miaka sita hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anataka kujua. Koko hakugeuka. Mikono yake ilisimama juu ya ungo wa maharage. Akasema, "Ya njano. Ile ya mpira." Baada ya muda aliinuka, akaja kukaa kwenye mkeka.

Jumamosi iliyofuata alikuja na furushi, na ndani yake mlikuwa na shati la mwanawe, si lile la njano, jingine la michirizi ya samawati lililokuwa katika mzigo alioubeba yeye. Alisikia kwamba tunashona. Tulitandika kipande cha kitenge cha rangi ya kahawia, mvulana akachora juu yake mtumbwi kwa makaa, na koko akaanza kuufuatisha mstari wa makaa kwa sindano, mshono wa mnyororo, polepole, maana macho yake yamechoka na kila mara ilibidi mvulana amtungie uzi. Kuhusu shati hatukukubaliana upesi. Koko hakutaka likatwe. Mimi sikusema neno, na nilijizuia kwa nguvu, kwa sababu ndani yangu nilikwisha kuona jinsi ambavyo kitambaa kingependeza. Wiki mbili baadaye alikuja akiwa amekwisha kubandua mfuko wa kifuani kwa wembe, nyuzi zake zote zikiwa zimetolewa moja moja, na shati lenyewe likiwa zima. Mfuko huo sasa umeshonwa katikati ya mtumbwi, mdomo wake ukiwa wazi, na mvulana ameweka ndani kikaratasi kilichokunjwa. Kilichoandikwa sikijui.

Baba yake mdogo, ambaye hapo mwanzo alilalamika kwamba mtoto anapotezewa muda wa masomo, alifika siku moja kumchukua, akasimama juu ya mkeka akikitazama kitambaa, kisha akasema kwamba mtumbwi ule haukuwa hivyo, ulikuwa na ubao wa tatu wa kukalia, na kamba ilifungwa nyuma. Akachuchumaa, akachukua kaa, akauchora ubao. Halafu akaeleza nani alikaa wapi. Koko ameniambia kwamba usiku ule wa kuvuka, baba mdogo hakuwa amewahi kuuzungumzia mbele yao. Nilichokiona pale, ndugu watatu wa vizazi vitatu wakibishana juu ya ubao wa mtumbwi, ndicho ninachokiita msiba uliopata wenyewe.

Kuna swali la kaburi. Aliyepotea ziwani hana pa kuwekewa jiwe. Waluo wa Kenya, mwili unapokosekana, huzika tunda la mvungunya, wanaloliita yago, ili aliyepotea apate mahali na waliobaki wapate pa kusimama. Koko alipouliza wazee wa upande wake kuhusu desturi yao, majibu yalitofautiana, na sasa familia inajadili kama kitambaa kikimalizika kizikwe au kitunzwe. Mvulana anataka kitunzwe. Namshukuru Mungu kwamba anaulizwa.

Haya si mageni katika Uganda, na nisingependa msomaji adhani nimeyabuni mimi. Katika miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza wazazi na dawa za kupunguza makali ya virusi bado hazijawafikia watu wa kawaida, akina mama wa NACWOLA, jumuiya ya wanawake wanaoishi na virusi, akiwamo Beatrice Were aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wake, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Wazo lilikuwa limechipuka London, katika shirika la Barnardo's, ambalo lilihudumia pia familia za Kiafrika huko, lakini lilipofika kwetu lilipata mwili mpya. Mama aliandika katika daftari ukoo wa mtoto na mwiko wake, majina ya mababu, kijiji walikotoka, siku aliyozaliwa ilikuwaje, alianza kutembea lini, yeye mama anapenda chakula gani, walikutana vipi na baba yake. Kwa Waganda na makabila mengi ya kwetu, mtoto asiyejua ukoo wake ni kama amekatwa mzizi, na akina mama wale walilijua hilo. Walibandika picha, walichora nyumba, walikunja majani. Wengi waliandika pamoja na watoto wao, na katika kuandika ukafika ukurasa wa ugonjwa, ukurasa ambao mama hakuweza kuuruka tena, hivyo mtoto akaambiwa ukweli na mtu aliyempenda akiwa bado hai wa kuulizwa maswali. Kabla yao, mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alikuwa amekwisha kutangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi, akitumia miezi yake ya mwisho kuimba na kuzungumza na watu, hadi alipofariki Desemba mwaka uleule. Na vikundi vya TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, viliimba na kuigiza vijijini maneno ambayo hakuna aliyethubutu kuyatamka mezani.

Upande wa kaskazini, wakati wa vita vya waasi wa LRA, vituo vya kuwapokea watoto waliotekwa na waasi hao wakatoroka msituni, kama GUSCO mjini Gulu, vilitumia kuchora, ngoma na maigizo katika kuwaandaa watoto kurudi kwao. Ninavitaja kwa heshima. Lakini michoro ya watoto wa Kaskazini, yenye bunduki na nyumba zinazowaka, ilikuja kuzoeleka machoni pa walimwengu, na kuzoeleka huko kumeacha desturi inayonisumbua: wageni wakija huuliza kama tuna michoro "yenye nguvu". Mwaka jana kundi moja la wageni liliomba kupiga picha michoro yetu, nami, kwa kutotaka kuonekana mkali, nikakubali kabla ya kuwauliza wachoraji. Msichana mmoja wa miaka 12 aliuchukua mchoro wake, akaukunja mara nne, akauweka ndani ya blauzi, na hakurudi kwa wiki tano. Nilikwenda kwao kumwomba radhi, mbele ya shangazi yake. Tangu hapo kila mtoto ana bahasha yake yenye jina lake, na hakuna mtu, mimi nikiwamo, anayeifungua bila yeye.

Makosa mengine niliyoyafanya na niliyoyaona yanafanana. Kumwambia mtoto "chora kilichokutokea" ni kumrudisha majini kabla hajajua kuogelea. Ataufikia usiku ule mwenyewe, kwa hatua zake, au hataufikia kabisa na bado kazi yake itakuwa imemfaa. Kuisoma rangi nyeusi kama dalili ya huzuni ni ubabaishaji, kwani mara nyingi mtoto ametumia nyeusi kwa sababu ndiyo iliyobaki. Hata sifa zina madhara. Nikisema "umechora vizuri", wiki inayofuata nitapata maua matano kutoka kwa watoto watano wanaotaka nao wasifiwe. Nimejifunza kusema ninachokiona tu: umeweka mlango mkubwa, hapa umekandamiza sana. Kisha ninyamaze, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko mnavyodhani.

Kuimba sina mengi ya kusema, kwa kuwa watoto hawakunihitaji. Mzee mmoja wa Kialur hutuletea adungu, kile kinubi cha upinde ambacho Waalur wanacho pande zote mbili za mpaka, na watoto humpa jina la marehemu wao pamoja na jambo moja dogo juu yake, kwa mfano kwamba alikuwa akicheka kabla ya kumaliza hadithi, naye huliweka katika wimbo, wengine wakiitikia. Akina mama waliokuwa wakipita kwenda kuchota maji husimama na kuitikia pia. Mara nyingi hapo ndipo kilio huja, cha watu wazima, na watoto huona kwamba mkubwa akilia haanguki.

Ni lazima niseme pia kwamba kreyoni si tiba ya kila kitu. Mtoto ambaye halali kwa majuma, anayekataa chakula, anayesema anataka kumfuata marehemu, au aliyekaa kimya kabisa muda mrefu, anahitaji mhudumu wa afya ya akili, na ni wajibu wetu kumfikisha, si kumbakiza kwenye mkeka kwa sababu tunampenda. Kituo cha afya kilicho karibu ndipo pa kuanzia. Ipo pia namba ya simu ya watoto, 116, isiyolipiwa, ambayo kwa furaha yangu ilipewa jina la Kiswahili, Sauti. Nimeipiga mara mbili, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nimechelewa kuipiga kwa sababu ya kiburi cha kudhani kwamba mkeka wangu unatosha.

Jumamosi iliyopita koko alifika kabla ya watoto wote, akiwa amekikunja kitambaa chake kifuani. Alikuwa amemaliza ubao wa tatu, na kamba ya nyuma. Sasa yuko kwenye watu. Amewaweka kwa uzi mweusi na mweupe, wote isipokuwa mmoja aliye karibu na mfuko, ambaye ni mstari wa makaa tu, kwa sababu pale sokoni hakuna uzi wa njano. Nimezunguka kwa mafundi wawili wa Hoima, na mmoja ameniahidi kwamba mzigo wake kutoka Kampala utafika Alhamisi. Mvulana amesema niangalie usiwe wa njano ya maembe, uwe ule wa mpira.